Kula, Kunywa na Kutembea Al Ain na Buraimi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Al Ain iko wapi, na kwa nini hutajwa pamoja na Buraimi?

Al Ain ni mji wa jangwani ulio mashariki ya emirati ya Abu Dhabi, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, yapata kilomita 160 kutoka jiji la Abu Dhabi na kilomita 120 hivi kutoka Dubai. Jina lake maana yake ni chemchemi, na bila maji hayo pasingekuwa na mji. Buraimi ni mji wa Oman ulioshikana nao bega kwa bega, kiasi kwamba asiyeuona uzio wa mpakani angedhani ni mtaa mwingine wa mji uleule.

Zamani hapakuwa na miji miwili. Palikuwa na oasisi moja yenye vijiji vilivyotawanyika katikati ya mashamba ya mitende, na wageni waliiita yote kwa jina la Buraimi. Sita kati ya vijiji hivyo, vikiwamo Al Ain, Hili, Al Jimi, Al Qattara na Muwaiji, vilikuwa chini ya watawala wa Abu Dhabi. Vitatu, yaani Buraimi, Hamasa na Saara, vikahesabiwa kuwa vya watawala wa Muscat, mji mkuu wa Oman. Mwaka 1952 kikosi kutoka Saudi Arabia kiliingia Hamasa na kukaa humo, na mzozo huo ukadumu hadi Oktoba 1955, askari wa eneo hilo walioongozwa na Waingereza walipowatoa kwa nguvu. Hata baada ya hapo wenyeji waliendelea kupita huku na huku kama mtu anayetoka sebuleni kwenda uani. Ni mwaka 2006 tu ukaguzi wa pasi ulipoanza kushikwa kwa dhati baina ya miji hii miwili.

Tunalieleza hili mwanzoni kwa sababu mgeni anayetembelea upande mmoja pekee huondoka na nusu ya mahali.

Ni wakati gani wa mwaka unaofaa?

Novemba hadi Machi. Katika miezi hiyo mchana huwa na joto la nyuzi 25 hivi, na usiku hupoa kiasi cha kuhitaji sweta, jambo ambalo wageni wa kutoka pwani yetu hulisahau wanapofunga mizigo. Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40 karibu kila siku, na kutembea kwa miguu mchana si ujasiri bali ni kujitafutia maradhi. Hata hivyo hewa ya Al Ain ni kavu, tofauti na ile ya Dubai na Abu Dhabi ambako unyevu wa bahari hukugandisha shati mgongoni, na kwa sababu hiyo familia za pwani zilikuwa zikihamia huku nyakati za kiangazi tangu zamani.

Kuna sababu moja nzuri ya kwenda wakati wa joto, nayo ni tende mbichi zilizoanza kulainika, ziitwazo rutab, zinazoanza kuvunwa kuelekea Juni. Aina ya naghal ndiyo hutangulia sokoni, kisha hufuata khalas, fardh, lulu na nyinginezo. Aliyezoea tende kavu za kwenye paketi atashangaa kwamba tunda hilohilo linaweza kuwa na maji na utamu usiokwaruza koo.

Nitafikaje huko?

Kutoka Dubai, basi nambari E201 huondoka kituo cha Al Ghubaiba, na kutoka Abu Dhabi yako mabasi ya moja kwa moja. Safari zote mbili huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Kadi ya usafiri ya Dubai huitwa Nol na ya emirati ya Abu Dhabi huitwa Hafilat, wala moja haitumiki mahali pa nyingine. Anayetoka Muscat anaweza kupanda basi nambari 202 la shirika la Mwasalat, ambalo tangu Oktoba 2023 limekuwa likipitia Buraimi na Al Ain hadi Abu Dhabi.

Ndani ya mji, teksi zina mita na ni nyingi. Kukodi gari kunafaa zaidi kwa familia, kwa kuwa vivutio vimetawanyika na mji wenyewe ni mpana, wenye barabara za miti na nyumba fupi kuliko minara ambayo watu huihusisha na nchi hiyo.

Je, ninaweza kulala Al Ain na kwenda Buraimi kula chakula cha mchana?

Inawezekana, lakini si jambo la kuamka na kulifanya bila maandalizi. Kwanza tazama viza yako. Mtu aliyeingia Falme za Kiarabu kwa viza ya kuingia mara moja akishagongewa muhuri wa kutoka amekwisha kuitumia, na akitaka kurudi hotelini kwake Al Ain atahitaji viza nyingine. Wapo waliogundua hilo wakiwa wamesimama kwenye dirisha la uhamiaji, mizigo yao ikiwa imebaki upande wa pili. Aliye na viza ya kuingia mara nyingi au kibali cha ukazi hana shida hiyo, ingawa naye atatakiwa kutimiza masharti ya kuingia Oman, ambayo hutofautiana kwa uraia na hubadilika. Ubalozi ndio wa kuulizwa.

Pili, gari. Gari la kukodi haliruhusiwi kuvuka bila waraka wa ruhusa kutoka kwa mwenye gari, na bima yake lazima iwe inatambuliwa Oman. Tatu, uliza mapema ni kituo kipi cha mpakani kinachopokea watu wa uraia wako, kwa kuwa vipo kadhaa, miongoni mwao Hili, Khatm Al Shiklah na Mezyad, na si kila kimoja humhudumia kila mtu. Anayetoka Falme za Kiarabu kwa barabara hulipa ada ndogo, hivyo uwe na kadi ya benki au fedha taslimu mkononi.

Kuhusu fedha, dirhamu ya Falme hupokewa katika maduka mengi ya Buraimi. Riali moja ya Oman ni sawa na dirhamu 9.5 hivi, nayo hugawanywa katika baisa 1,000, kwa hiyo mgeni asitishike anapodaiwa mia tatu kwa kikombe cha chai. Saa ni ileile pande zote mbili, moja mbele ya saa za Afrika Mashariki. Siku za mapumziko ndizo zinazotofautiana: tangu Januari 2022 Al Ain hupumzika Jumamosi na Jumapili baada ya nusu siku ya Ijumaa, ilhali Buraimi hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Ukichagua Ijumaa mchana kwenda sokoni Buraimi, utakuta milango imefungwa.

Jambo dogo la mwisho ni simu. Ukiwa karibu na uzio, simu yako inaweza kukamata mtandao wa nchi ya pili bila ya wewe kuvuka, na salio likaenda kwa bei ya ugenini. Zima huduma hiyo kabla ya kuzurura mitaa ya mpakani.

Nikiwa na asubuhi moja tu, niitumie wapi?

Itumie ndani ya oasisi ya Al Ain, katikati ya mji, na ufike mapema, saa moja au saa mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Kuingia ni bure. Ni shamba kubwa lenye mitende zaidi ya 147,000, na chini ya mitende hiyo hupandwa maembe, ndimu, ndizi na tini, kwa namna ambayo mkulima wa Pemba angeielewa mara moja: mti mrefu humfunika mfupi, na mfupi huufunika udongo. Vijia vyake vimezungushiwa kuta fupi, na mashamba yenyewe bado yana wenyewe na yanafanya kazi, kwa hiyo tembea njiani wala usiruke ukuta kwa ajili ya picha.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni maji. Huja kwa falaj, yaani mfereji unaochimbwa chini ya ardhi kutoka mahali penye maji karibu na milima, ukateremshwa kwa mwinamo mdogo mno hadi ukatokeza juu ya ardhi penye mashamba. Falaj ya asili haihitaji pampu, ni uzito wa maji peke yake unaoyasukuma. Katika eneo la Hili wachimbaji wa mambo ya kale wamepata falaj yenye umri wa miaka 3,000 hivi. Maji yakishafika, hugawanywa kwa zamu, na zamu hizo zilikuwa mali ya kurithiwa, kuuzwa na kugombewa. Sheikh Zayed bin Sultan, aliyekuwa mwakilishi wa mtawala katika eneo hili kuanzia mwaka 1946 hadi alipokuwa mtawala wa Abu Dhabi mwaka 1966, alijijengea jina kwanza kwa kufukua na kutengeneza mifereji hiyo na kuwapunguzia wakulima wadogo mzigo wa kununua maji. Ukimuuliza mzee wa Al Ain habari za Sheikh Zayed, huenda akaanza na falaj kabla ya kutaja mafuta.

Oasisi hizi, pamoja na makaburi ya kale ya Hafeet, Hili na Bidaa Bint Saud, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, zikiwa za kwanza kutoka nchi hiyo.

Ngome ni nyingi. Ipi isinipite?

Al Jahili. Ilianza kujengwa mwaka 1891 kwa amri ya Sheikh Zayed bin Khalifa, babu wa Sheikh Zayed tuliyemtaja, na mnara wake wa mviringo uliopandishwa ngazi kwa ngazi kama keki ya harusi ndio uliochorwa katika picha nyingi za mji. Ndani yake mna maonyesho ya picha za Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyevuka jangwa la Rub al Khali kwa ngamia pamoja na Mabedui katika miaka ya 1940, ambaye wenyeji walimpa jina la Mubarak bin London. Nenda jioni, wakati udongo wa kuta unapobadilika rangi.

Ya pili ni Qasr Al Ain, nyumba aliyoishi Sheikh Zayed hadi mwaka 1966, ambayo leo ni jumba la makumbusho. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1937, na kwa macho ya leo si kasri la kutisha: ni nyua, mabaraza ya kupokelea wageni, jiko, ghala la kahawa na vyumba vyenye vitanda vya kawaida. Mtu aliyekulia katika nyumba ya uani Lamu au Mji Mkongwe atajua, bila kuambiwa, ni mlango upi ulikuwa wa wageni wa kiume na upi wa watu wa ndani.

Upande wa Buraimi ipo ngome ya Al Khandaq, na mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulifahamu jina hilo, kwa kuwa ndilo neno tulilolifanya handaki. Handaki lenyewe, kavu sasa, bado linaizunguka. Karibu nayo kuna ngome ya Al Hillah, ambayo hutazamwa zaidi kwa mapambo yake ya chokaa kuliko kwa vita.

Mlima Jebel Hafeet unastahili safari?

Ndiyo, ikiwa hutakwenda saa sita mchana. Urefu wake ni mita 1,240 hivi, nao unasimama peke yake pembezoni mwa mji, sehemu yake ikiwa Oman. Barabara ya lami ya karibu kilomita 12 yenye kona zipatazo 60 hupanda hadi karibu na kilele, na mashindano ya baiskeli ya UAE Tour humalizia huko miaka mingi, jambo linalokufanya uwaheshimu waendesha baiskeli hata kama ulikwenda kwa teksi. Panda saa moja kabla ya magharibi, tazama taa zikiwaka pande zote mbili za mpaka, na jaribu kuuona uzio. Hauonekani kwa urahisi.

Chini ya mlima, upande wa Green Mubazzarah, kuna chemchemi za maji ya moto na uwanja mpana wa majani ambako familia hutandika mikeka, huwasha mkaa na kuchoma nyama hadi usiku. Hakuna mkahawa unaoweza kukuonyesha jinsi watu wa hapa wanavyokula Ijumaa jioni kama uwanja huo unavyokuonyesha. Ukipita karibu na mkeka wa watu na ukasalimu vizuri, usishangae ukikaribishwa.

Na makaburi ya kale?

Chini ya Jebel Hafeet, upande wa mashariki, kuna makaburi ya mawe yenye umbo la mzinga wa nyuki, yenye umri wa miaka 5,000 hivi. Yale ya Hili ni ya baadaye kidogo na yamekaa ndani ya bustani yenye vivuli, kwa hiyo yanawafaa zaidi wenye watoto. Kaburi kubwa la Hili ni la mviringo, lenye kipenyo cha mita 12 hivi, na juu ya lango lake wamechongwa watu na wanyama aina ya choroa. Watu wengi hupiga picha moja na kuondoka. Zunguka upande wa pili pia, kwani lina lango jingine lenye michongo yake.

Soko la ngamia ni la watalii?

Hapana, na ndiyo maana linapendeza na pia linachosha. Ni soko halisi la mifugo, ambamo ngamia huuzwa kwa ajili ya maziwa, nyama na kuzalisha, pamoja na mbuzi na kondoo. Fika asubuhi mapema. Wapo wachungaji watakaokushika mkono kukuzungusha, kukupandisha mtoto wa ngamia mikononi, kisha kudai malipo makubwa. Kubalianeni bei kabla, au kataa kwa upole tangu mwanzo. Usivae viatu unavyovipenda.

Mbuga ya wanyama ya Al Ain ina maana gani kwa mtu wa Afrika Mashariki?

Swali la haki. Kusafiri kutoka Arusha kwenda kumlisha twiga jangwani ni sawa na kubeba nazi kwenda Mafia. Lakini mbuga hiyo, iliyoanzishwa na Sheikh Zayed mwaka 1968, imefanya kazi kubwa ya kuhifadhi wanyama wa Uarabuni, hasa choroa mweupe wa Arabia aliyekuwa ametoweka porini katika miaka ya 1970. Mtazame huyo, na paka wa jangwani, na uwaachie wengine simba.

Nile nini hasa?

Hapa ndipo mgeni wa Kiswahili ana bahati kuliko mgeni mwingine yeyote, kwa kuwa nusu ya meza ataitambua kwa jina na nusu nyingine kwa harufu.

Anza na kifungua kinywa. Utaletewa balaleet, ambayo ni tambi tamu zenye hiliki na zafarani, zikifunikwa na kimanda cha mayai. Mchanganyiko wa utamu na chumvi huwashangaza wengi, lakini aliyekula tambi za sukari asubuhi ya Idi hatapata tabu. Kuna chebab, chapati nene za maji zinazomiminiwa asali ya tende, na khubz raqaq, mkate mwembamba kama karatasi unaopakwa jibini au yai juu ya chuma cha moto na kuliwa papo hapo.

Mchana chakula kikuu ni majboos: wali uliopikwa ndani ya mchuzi wa nyama, kuku au samaki pamoja na limau kavu jeusi liitwalo loomi. Limau hilo ndilo linalotofautisha chungu chao na pilau yetu. Hutoa uchachu wenye ukali wa moshi ambao hauna mbadala. Mchanganyiko wao wa viungo huitwa bezar, na hapo tena bizari yetu inaitika. Usiulize kama ni biriani, kwa sababu mpishi ataudhika kidogo, na biriani halisi ya Kihindi na Kipakistani imejaa mitaani kwa bei nafuu zaidi.

Harees ni bokoboko. Ngano na nyama hupikwa kwa saa nyingi na kupondwa hadi vikawa kitu kimoja, kisha samli humiminwa juu. Kwa maoni yetu harees ya Al Ain ni nyepesi kwa viungo kuliko bokoboko la Unguja au Mombasa, na anayeongeza sukari pembeni hatachekwa. Thareed ni mkate mwembamba uliolowekwa mchuzi wa nyama na mboga, chakula cha Ramadhani zaidi. Nyama ya ngamia hupatikana katika migahawa ya vyakula vya kienyeji. Ni nzuri ikiwa ya mnyama mdogo iliyopikwa taratibu, na ni kazi ya meno ikiwa vinginevyo.

Kisha tamu. Luqaimat ni kaimati, jina na kitu, isipokuwa kwamba hapa humiminiwa asali ya tende na kunyunyiziwa ufuta badala ya kuzamishwa katika shira ya sukari. Tumewasikia watu wa Mombasa wakibisha kwa dakika kumi juu ya sahani moja kama hii inafaa kuitwa kaimati. Sisi tunasema inafaa, mradi iwe ya moto.

Upande wa Buraimi, tafuta mishkaki jioni. Waomani huita mishkak, nayo huchomwa kando ya barabara kwenye makaa, ikiletwa na mchuzi wa ukwaju wenye pilipili. Tafuta pia halua ya Kiomani, inayokorogwa katika sufuria kubwa kwa samli, sukari, wanga, maji ya waridi na zafarani hadi ikang'aa. Wenye maduka ya halua hukuonjesha kabla hujanunua, na kuonja si deni. Shuwa, nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa majani na kufukiwa katika shimo la moto kwa siku nzima au zaidi, ni chakula cha Idi majumbani. Inayouzwa migahawani siku za kawaida huwa nzuri, lakini aliyealikwa nyumba ya Muomani siku ya pili ya Idi amepata kitu kingine kabisa.

Nina bajeti ndogo. Nitashiba wapi?

Katika mitaa ya katikati ya Al Ain, karibu na kituo cha mabasi na soko la mboga, ambako wafanyakazi wa kutoka India, Pakistani, Bangladeshi na Afrika hula kila siku. Utapata maharage, dengu, chapati, biriani ya kuku na mandi ya Kiyemeni, ambayo ni wali wenye nyama iliyopikwa katika tanuri la chini ya ardhi na huletwa kwa sinia la kula wengi. Sheria ni ileile ya Kariakoo na Kongowea: ingia panapojaa watu wenye kazi za mikono saa saba mchana.

Watu wanakunywa nini?

Kahawa kwanza. Hutoka katika dele, ikiwa nyepesi ya rangi ya dhahabu, yenye hiliki na pengine zafarani, bila sukari, ikisindikizwa na tende. Finjani hupokewa kwa mkono wa kulia, na humiminwa kidogo kidogo. Ukitosheka, tikisa finjani kidogo unapoirudisha. Usipoitikisa, itajazwa tena, na mwenyeji hatachoka kabla yako.

Karak ni chai ya maziwa iliyochemshwa sana kwa hiliki na sukari, iliyoletwa na watu wa Bara Hindi na kukubaliwa na kila mtu. Hunywewa garini: dereva hupiga honi mbele ya mkahawa mdogo na kijana hutoka na vikombe vya karatasi. Kwa mtu aliyelelewa kwa chai ya maziwa ya Kiswahili, ni kama kukutana na binamu aliyenenepa.

Maziwa ya ngamia huuzwa madukani yakiwa yamechemshwa na kufungwa chupani. Al Ain Farms ya mji huuhuu ni miongoni mwa wazalishaji wanaojulikana. Yana chumvichumvi kidogo. Yasiyochemshwa ambayo huenda ukapewa sokoni yakatae kwa shukrani.

Na vileo?

Pande zote mbili za mpaka vileo huuzwa kwa kibali, hasa katika hoteli kubwa. Katika Falme za Kiarabu umri wa chini ni miaka 21. Kunywa au kuonekana umelewa hadharani ni kosa, na dereva hatakiwi kuwa na hata tone moja mwilini. Mikahawa mingi tuliyoieleza hapo juu haina vileo kabisa, wala haitaki kuulizwa.

Nikienda wakati wa Ramadhani?

Usile, usinywe wala usivute sigara hadharani mchana. Oman hulishika jambo hili kwa ukali zaidi, na mikahawa mingi ya Buraimi hufungwa hadi magharibi. Malipo yake huja baada ya futari, ambapo mji huamka na kila kilichoelezwa katika ukurasa huu hupatikana hadi usiku wa manane.

Kiswahili kitanisaidia?

Kiarabu na Kiingereza ndizo lugha za shughuli, na Kiurdu husikika kila mahali. Lakini usiseme siri kwa Kiswahili ukidhani uko salama. Tangu Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, familia nyingi za Oman zimekuwa na mguu mmoja Afrika Mashariki, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 wengi walirudi Ghuba na lugha yao mdomoni. Waongezee Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya kazi hotelini, katika ulinzi na kwenye teksi. Salamu ya "habari za kazi" kwa mlinzi wa mlangoni imewahi kumpatia mgeni maelezo bora kuliko ramani yoyote.

Ninunue nini kurudi nacho nyumbani?

Tende za khalas au fardh, zikinunuliwa kwa kilo sokoni baada ya kuonja, wala si zile za masanduku ya dhahabu ya uwanja wa ndege. Loomi nzima, kwa kuwa hukaa mwaka bila kuharibika. Ubani wa Dhofar, jimbo la kusini mwa Oman, ununuliwe Buraimi, wenye matone makubwa yenye weupe wa kijani. Halua nayo, lakini iweke katika mzigo wa kupakiwa, kwa sababu katika mashine za ukaguzi hufanana mno na vitu visivyotakiwa ndani ya ndege, na ni uchungu kuiacha kilo mbili mezani mwa askari ambaye, kwa sura yake, anaijua vizuri sana.